Taa ya taimingi yenye kidude cha digrii: kwa kombi ya zamani nunua hii, achana na ile ya kawaida

Wadau wenye kombi za zamani za VW, zile za injini nyuma isiyotumia maji, leo naongelea taa ya taimingi (taimingi ni wakati ambao plagi inapiga cheche, yaani moto, ukilinganisha na pistoni ilipo), ile yenye umbo la bastola unamulika nayo puli ya krenki injini ikiwa inaunguruma. Ninayotumia ni ya xenoni, ina klempu ya kubana juu ya waya wa plagi bila kuchomoa kitu, ina waya mbili za betri, na mgongoni ina kidude cha kuzungusha digrii pamoja na kioo kidogo cha kusomea RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Hicho kidude ndo kimenifanya niandike haya yote, maana taa isiyo nacho kwa injini hizi inakupa nusu tu ya jibu.

Iko hivi. Mafundi wengi wanaseti moto gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, alama ikikaa sawa wanakaza nati kazi imeisha. Sasa kombi nyingi za injini ya 1600 cc zilishabadilishwa distribyuta (kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi) zikafungwa ile Bosch 009 ambayo haina vakyumu kabisa, yaani haina hozi ya kuwahisha moto kwa mvuto wa hewa ya injini, inawahisha moto kwa vyuma vyake vya ndani vinavyotanuka kadri injini inavyozidi kuzunguka, na kwa distribyuta hiyo cha kuangalia ni digrii za juu kabisa, yaani ukiresi mpaka RPM 3,500 hivi moto uwe umewahi kati ya digrii 28 na 32 kabla pistoni haijafika juu, sailensi ibaki popote itakapoangukia. Distribyuta ikichakaa ndani unaweza kukuta sailensi inasoma vizuri kabisa halafu huko juu imepitiliza mpaka 36, na dereva hajui lolote, kwa sababu yeye yuko mbele kabisa na injini iko nyuma na feni yake inapiga kelele, kwa hiyo inagonga na kupata joto bila mtu kusikia mpaka pistoni iharibike. Ndo maana siwaamini wanaoseti kombi kwa sikio hata wawe wazoefu vipi, sikio linakwambia gari imechangamka tu, na gari inachangamka kweli moto ukiwahi kupita kiasi.

Kwa taa hii unaweka kidude kwenye 30, unaresi, unatazama kwenye puli ile alama inayoonyesha pistoni imefika juu: ikija kukaa sawasawa na ule mstari ambapo nusu mbili za bloku zinaungana, basi una digrii 30, imeisha. Ikipita au isipofika unalegeza klempu ya distribyuta unazungusha kidogo sana, na nikisema kidogo namaanisha unyoya, maana distribyuta inazunguka nusu ya kasi ya krenki, digrii 1 ya mkono wako ni digrii 2 za injini. Kwenda na saa unachelewesha moto, kinyume na saa unauwahisha. Mwenye taa ya kawaida asikate tamaa, chukua uzi zungushia puli, pima huo urefu gawanya kwa 12, hiyo ndo digrii 30, piga alama ya rangi nyeupe umbali huo kulia kwa ile ya juu. Inafanya kazi, ila kila ukitaka kuona moto unavyopanda kwenye RPM tofauti unarudi kuchora alama nyingine, wakati kwenye kidude unafuata tu, 1,000 iko ngapi, 2,000 iko ngapi, inapanda taratibu au inaruka ghafla. Kuruka ghafla nako ni ugonjwa, vyuma vimekwama kwa uchafu.

Lakini taa nzuri haikusaidii kama hujui unamulika alama gani. Puli za hizi injini zinatofautiana, nyingine ina kimfuo kimoja nyingine viwili vitatu, na kimfuo unachokiona siyo lazima kiwe cha pistoni juu. Hakikisha kwanza kwa kutoa plagi ya silinda ya 1 (ile ya kulia upande wa mbele) uzungushe krenki kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kweli, ndo uweke tone la rangi. Halafu jua distribyuta yako. Ya vakyumu ya hozi moja kwa kawaida inasetiwa digrii 7.5 kabla, hozi imechomolewa na kuzibwa. Zile za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zenye hozi mbili zinasetiwa digrii 5 BAADA ya pistoni kufika juu, hozi zikiwa zimechomekwa, na nimeona watu wanabishana na taa yao kwamba mbovu kumbe taa inasema kweli. Na pointi za distribyuta (vile vibati vinavyofunguka kutoa cheche) zisetiwe uwazi wake kabla ya yote, milimita 0.4, kwa sababu ukizigusa baadaye taimingi inahama: uwazi ukiongezeka moto unawahi, ukipungua unachelewa.

Yasiyonifurahisha sasa. Mshale kwenye klempu unaotakiwa uelekee plagi ni mdogo na umechongwa tu kwenye plastiki nyeusi, mikono ikiwa na oili huuoni, mimi nimeupaka rangi. Klempu ikigusana na waya wa plagi ya jirani taa inaanza kupiga ovyo, alama inarukaruka unadhani distribyuta imekwisha, isogeze tu itatulia. Juani hata alama nyeupe unaitafuta, ingia kivulini. Ukifunga mfumo wa moto wa kielektroniki unaotoa cheche kadhaa kwa mpigo mmoja, kidude kinachanganyikiwa, hapo rudi kwenye alama ya rangi. Na wenye kombi za kabla ya 1967 za volti 6, taa hii inataka 12, chukua betri ya pembeni uiunge hapo, klempu yenyewe haijali.

Kitu kimoja naomba tuelewane: mwanga huu unafanya puli na mkanda wa feni vionekane vimesimama. Vinazunguka! Kwenye kombi unainama uso karibu kabisa na mkanda, kwa hiyo mikono mirefu ya shati ikunje, nywele funga, waya za taa zipitishe mbali, betri iko hapohapo pembeni ya injini kwa hiyo hazina haja ya kupita juu ya puli.

Kwangu hii taa inapata nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa klempu. Ukienda kununua chagua ambayo waya wa klempu unachomoka kwenye taa, maana huo ndo unaoumia kwanza, na uiwashe dukani kwenye betri uone kioo cha namba kinasomeka ukiwa umeinama, siyo ukiwa umeishika mbele ya uso.