Deceptograph ya Stoelting: uzoefu wangu na mashine kongwe ya kupima uongo

Anayetaka kuanza kukusanya mashine za zamani za kupima uongo, Deceptograph ni chaguo zuri sana, mradi apate iliyo kamili. Ilitengenezwa na C. H. Stoelting wa Chicago, kampuni iliyojulikana kwa vifaa vya maabara za saikolojia, na umakini huo unauona ukifunua tu mfuniko. Kila skrubu iko mahali fundi anapoifikia, kila kitu kimepangwa kwenye sanduku la kubeba mkononi.

Yangu ina kalamu tatu. Ya kwanza inafuata pumzi kupitia mpira wenye mikunjo unaofungwa kifuani, ya pili presha kupitia mkanda wa mkono wa juu, na ya tatu jasho la vidole kupitia vibati viwili vya chuma. Raha yake yote iko kwenye kalamu ya pumzi. Mtu akivuta hewa, mpira unatanuka, hewa iliyo ndani yake inapungua nguvu, kiriba kidogo chini ya paneli kinajikunja na kalamu inapanda. Akibana pumzi, mstari unanyooka hapo hapo. Piga makofi ghafla nyuma yake: kalamu ya vidole haishtuki mara moja, inasubiri kama sekunde mbili ndipo inapanda, kisha inashuka polepole. Hakuna skrini wala namba. Unaona mwili wa mtu ukijiandika kwa wino, na mimi sijachoka kuutazama.

Muuzaji wa mnadani aliandika kwamba mashine "inafanya kazi". Ilipofika, kilichofanya kazi ni mota tu. Mpira wa kifuani ulikuwa mgumu na unakatika ukiukunja, mirija ya hewa imepasuka, na kalamu zimeziba kwa wino uliokauka. Siku hizi kabla sijalipa naomba video inayoonyesha kalamu zikitembea mtu anapopumua. Picha ya sanduku linalong'aa haikwambii lolote. Mipira huzeeka hata mashine ikikaa kabatini bila kuguswa, lakini mirija ya silikoni ya kipenyo kilekile inaziba pengo vizuri. Kalamu nazo hurudi: loweka kwenye maji ya uvuguvugu, pitisha waya mwembamba taratibu, suuza, rudia. Ukilazimisha utaipasua, na kalamu ya asili ni adimu kuliko sanduku lenyewe.

Suala la umeme linastahili maneno ya ziada. Mashine hizi zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, takriban volti 110 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Transfoma itakushushia volti, lakini hezi haizigusi, na mota inayovuta karatasi inafuata hezi. Kwenye umeme wa hezi 50, karatasi iliyopaswa kwenda inchi 6 kwa dakika itakwenda inchi 5, hivyo mapigo yanabanana na ukihesabu kwa mistari ya karatasi utapata jibu lisilo sahihi. Halafu kuna kapasita za zamani ndani, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme: usichomeke kabla fundi anayezijua redio za valvu hajazipima. Zinaweza kukurusha hata waya ukiwa umeshachomolewa.

Je, inagundua uongo? Hapana, na mkusanyaji asiwadanganye wageni wake kwamba inagundua. Inaandika pumzi, presha na jasho. Hofu na hasira nazo huvibadilisha vyote vitatu. John Larson aliyeunda mashine ya polisi wa Berkeley, California, mwaka 1921 alikuja kuupinga vikali jinsi uvumbuzi huo ulivyotumiwa. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye, mahakama ya Washington ilikataa ushahidi wa kipimo cha presha cha mwanasaikolojia William Marston, na mwaka 1988 sheria ya Marekani ikawazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wafanyakazi wao. Historia hiyo ndiyo inayonifanya niithamini zaidi.

Chini ya sanduku langu nilikuta karatasi za zamani zilizokwisha kutumika, zina majina na alama za mahali maswali yalipoulizwa. Hao walikuwa watu waliokuwa wakishukiwa, na wengine huenda hawakuwa na hatia yoyote. Sizionyeshi wala sizipigi picha, na ningependa wauzaji waache kuziweka kwenye matangazo yao kama kivutio.

Wengine watakwambia utafute ya Keeler kwanza, kwa sababu ya jina. Leonarde Keeler alifanya kazi na Larson Berkeley na ndiye aliyeifanya mashine ya kupima uongo iwe ya kubebeka, kwa hiyo nawaelewa. Lakini Keeler isiyo na mkanda wa presha wala kalamu ni pambo la rafuni. Deceptograph iliyokwaruzwa nje lakini ina viungo vyake vyote itakupa kazi ya mikono, na ikishatengenezwa itaandika.