Uzoefu wangu na kliniki ya tiba jumuishi kwa uchovu sugu: kilichonisaidia na nilichokataa

Kwa wanaojiuliza kama kliniki ya tiba jumuishi, yaani inayochanganya tiba ya hospitali na virutubisho na tiba nyinginezo, inamfaa mtu mwenye uchovu usioisha: mimi imenifaa, ila si kwa vidonge na dripu za vitamini zilizojaa kwenye tangazo lao. Kilichonifaa ni mambo ambayo hayapigiwi debe sana. Nilisikilizwa kwa utulivu, nilipimwa kwa mpangilio, kisha nikafundishwa kuishi ndani ya nguvu nilizonazo. Sehemu iliyobaki ya kifurushi naipa alama ndogo, na sababu nitazieleza.

Uchovu ninaouzungumzia hautokani na kazi nyingi. Ulinianza baada ya homa ya virusi. Homa ilikwisha, nguvu hazikurudi. Nalala usiku kucha na bado naamka nimechoka. Nasoma ukurasa mmoja, nikifika chini nimesahau cha juu. Nikisimama kwa muda kichwa kinakuwa chepesi na moyo unakwenda mbio. Baya kuliko yote, nikijitahidi leo ninaweza kumaliza siku vizuri, halafu kesho au keshokutwa nikashindwa hata kukaa. Huko nilikopita kabla nilipimwa damu juujuu, nikaambiwa sina tatizo, nipumzike kidogo kisha nianze mazoezi.

Daktari wa kliniki hii amesomea udaktari wa kawaida wa hospitali na ana leseni. Nilihakikisha hilo kabla ya kulipa. Kikao cha kwanza kilipita saa nzima. Aliuliza kuhusu usingizi, kukoroma, hedhi, tumbo, dawa zote ninazotumia, huzuni, na magonjwa ya ukoo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Ukijitahidi, unazidiwa lini?" Nilipomjibu, alinieleza vigezo vilivyotolewa mwaka 2015 na Taasisi ya Tiba ya Marekani kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari huuandika ME/CFS. Uwezo wa mtu uwe umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6 pamoja na uchovu ambao kupumzika hakuuondoi, azidiwe baada ya kujitahidi, na usingizi usimburudishe. Juu ya hayo kuwe na shida ya kufikiri na kukumbuka, au hali inayozidi mtu anapokuwa wima. Yote yalikuwa yangu.

Hata hivyo hakukimbilia kuniandikia ugonjwa huo, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha, kwa hiyo kwanza lazima yatafutwe mengine yanayochosha: upungufu wa damu, akiba ya madini ya chuma, tezi ya thairodi, sukari, figo, ini, kalisi, vitamini B12, uvimbe wa ndani kwa ndani (inflamesheni), ugonjwa wa siliaki (mwili kutovumilia gluteni ya ngano), pumzi kukatika usingizini, na sonona. Aliniambia pia nisitishe vidonge vya nywele vyenye biotini, ambayo ni vitamini, kabla ya kutolewa damu, maana vinaweza kupotosha majibu ya thairodi. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha mtu anayejua kazi yake.

Majibu yalionyesha hemoglobini ya kawaida na feritini iliyo chini, yaani damu inatosha lakini ghala la chuma limekaribia kuwa tupu. Alinionyesha utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2012 uliofanywa kwa wanawake wasio na upungufu wa damu ambao feritini yao ilikuwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita. Waliopewa chuma kwa wiki 12, uchovu wao ulipungua karibu kwa nusu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa nao walipata nafuu, ila ndogo zaidi. Nilimeza chuma siku moja, naruka siku moja, maana hivyo mwili hukifyonza vizuri na tumbo halisumbuki sana. Kupanda ngazi kukawa rahisi. Kule kuzidiwa baada ya kujitahidi hakukuondoka, na daktari alikuwa amenionya mapema kwamba chuma huenda ni sehemu tu ya tatizo.

Kipimo kilichobadilisha maisha yangu hakihitaji maabara. Unalala chali hadi mapigo yatulie, kisha unasimama ukiegemea ukuta kwa dakika 10 huku mapigo na presha vikipimwa kila dakika. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 kwa dakika au zaidi na kubaki juu bila presha kushuka, hiyo ni dalili kwamba mwili unashindwa kujirekebisha unaposimama. Yangu yalipita hapo. Niliandikiwa maji zaidi, chumvi zaidi, soksi ndefu za kubana, na kuinuka kwa hatua. Chumvi aliiruhusu baada tu ya kuangalia presha na figo. Mwenye shinikizo la damu asiniige. Hakuna kidonge nilichomeza kilichonipa nafuu kama hiyo.

Halafu ni kupanga nguvu. Mtaalamu anayesaidia wagonjwa kumudu shughuli za kila siku alinipa daftari: nimefanya nini, mapigo yalifika wapi, na siku mbili zilizofuata nilikuwaje. Niligundua kwamba mazungumzo marefu ya simu yananigharimu sawa na kutembea, na kwamba kuoga nimesimama kunakula nguvu za asubuhi nzima. Sasa naoga nimekaa. Napumzika kabla sijachoka, hata siku ninayojisikia vizuri, na siku hizo ndizo ngumu zaidi kujizuia. Tangu nianze, kuzidiwa kumepungua na kukija hakukai sana.

Mwalimu wa mazoezi wa hapohapo kliniki alitaka niongeze mwendo kila wiki kwa kiwango kilichopangwa, nijisikie vipi nijisikie. Nilikataa, na daktari alinitetea. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, iliyowahi kupendekeza mazoezi ya namna hiyo mwaka 2007 iliyaondoa kwenye mwongozo wake wa mwaka 2021, na mwongozo huo unasema tiba ya mazungumzo inaweza kumsaidia mgonjwa kuishi na ugonjwa lakini haiuponyi. Kliniki inayojiita ya uchovu sugu haikupaswa kuniachia mimi nibishane na mwalimu wake. Mshauri nasaha wao, kwa upande mwingine, ni wa kusifiwa; hakuniambia hata mara moja kwamba ugonjwa uko akilini mwangu.

Sasa yale niliyoyakataa. Kifurushi kina kipimo cha kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate, na majibu yake huitwa "uchovu wa tezi za adrenali", yaani tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza homoni hiyo. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo; mapitio ya tafiti 58 yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakupata ushahidi kwamba upo. Tezi za adrenali zinaposhindwa kweli, huo ni ugonjwa mwingine, wa hatari, na una vipimo vyake vya damu. Virutubisho vinavyouzwa kwa jina hilo vina shida yake: watafiti wa Marekani waliopima vya aina 12 walikuta vyote vina homoni ya thairodi ambayo haikutajwa kwenye kopo, kwa mujibu wa ripoti yao ya mwaka 2018. Mtu mwenye moyo unaokwenda mbio hahitaji hiyo.

Nilikataa pia kipimo cha "mzio" wa vyakula vingi kinachotumia kingamwili za IgG. Kinaonyesha vyakula ulivyozoea kula, si vinavyokudhuru, na mgonjwa dhaifu kupunguziwa chakula bila sababu ni hatari. Ashwagandha, dawa ya mitishamba ya Kihindi, niliiacha baada ya kusoma kwamba imehusishwa na madhara ya ini. Kirutubisho cha CoQ10 nilikitumia, sikuona tofauti.

Ukienda kliniki ya aina hii, uliza nani anasoma majibu yako na amesomea nini. Uliza kama wanauza wenyewe vidonge wanavyokuandikia. Angalia kama wanakuuliza unazidiwa lini baada ya kujitahidi. Wasiouliza hawajui wanachotibu. Uliza pia kuhusu vikao vya video, kwa sababu safari peke yake inaweza kukulaza.

Sijapona. Nafanya kazi nusu siku, nasoma tena, nasimama jikoni kwa muda mfupi bila kushika ukuta. Kifurushi kilipokwisha sikukihuisha. Niliomba nilipie vikao vya daktari na vya kupanga nguvu peke yake, bila virutubisho, nao wakakubali. Chaguo hilo halipo kwenye orodha yao ya huduma, kwa hiyo anayetaka kujiunga aliulizie kabla ya kulipa.