Jenereta ya Kambini kwa Safari za Mtwara na Lindi: Ipi Inunuliwe Kwanza na Itunzweje

Kwa mtu anayepiga kambi kwa gari katika pwani ya kusini, kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati, jenereta ninayoiweka nafasi ya kwanza ni ya petroli, ya mfumo wa inveta, yenye uwezo wa kudumu wa wati 1,600 hadi 1,800. Ipo hali moja inayonifanya niigeuze orodha hii, nayo nitaieleza mahali pake. Hata hivyo, aliyenunua mashine bora kabisa na kuiacha wiki nzima mbele ya upepo wa bahari, petroli ikiwa imelala ndani ya kabureta, atakuwa amepoteza fedha zake sawa na aliyenunua mashine mbovu, na ndiyo maana utunzaji umechukua nafasi kubwa katika mwongozo huu.

Kabla ya kwenda dukani, ni lazima msomaji ajue anahitaji wati ngapi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa jenereta kwa kawaida ni uwezo wa kilele, yaani kiasi ambacho mashine inaweza kukihimili kwa muda mfupi tu. Namba ya kutafuta ni ile ya uwezo wa kudumu, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati cha alternata, yaani sehemu inayozalisha umeme, au katika kitabu cha maelekezo. Kwa kambi ya kawaida ya familia, taa nne za LED za wati 9 kila moja ni wati 36, simu kadhaa pamoja na kompyuta mpakato moja hazizidi wati 120, feni ya meza ni kama wati 50, na friji ya gari ya volti 12 hula kati ya wati 45 na 60 kompresa inapofanya kazi. Vyote kwa pamoja havifiki wati 300. Kinachobadilisha hesabu ni vyombo vyenye mota na vyombo vya kupasha joto. Friza ya nyumbani ya wati 150 inaweza kudai mara tatu hadi tano ya kiasi hicho kwa sekunde inapoanza, pampu ya maji hufanya vivyo hivyo, na birika la umeme peke yake hufikia wati 2,000. Ushauri wangu ni kwamba chai na wali vipikwe kwa gesi au mkaa, kwa kuwa kununua jenereta mara mbili ya ukubwa unaohitajika kwa ajili ya birika ni kujitwisha uzito na gharama ya mafuta kwa miaka yote utakayokuwa nayo.

Wapo pia wasafiri wa masafa marefu wanaopita na magari yenye vyumba vya kulala, wakielekea Msumbiji kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Magari hayo yakiwa na kiyoyozi cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kiyoyozi hicho huhitaji kama wati 1,500 kikiwa kinafanya kazi na zaidi ya hapo kinapoanza. Aidha, gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na hezi 60, ilhali jenereta zinazouzwa kwetu hutoa volti 230 na hezi 50. Kibati cha gari kisomwe kabla waya haujachomekwa popote.

Sasa tuingie kwenye orodha. Sababu ya inveta kushika nafasi ya kwanza iko katika namna inavyofanya kazi. Jenereta ya kawaida hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika wakati wote ili itoe hezi 50, iwe imebeba friza au balbu moja. Ya inveta huzalisha umeme, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha bodi ya kielektroniki huutengeneza upya ukiwa safi na tulivu, kwa hiyo injini iko huru kupunguza mwendo pale mzigo unapokuwa mdogo. Honda EU22i, kwa mfano, ina uwezo wa kudumu wa wati 1,800, uzito wa takriban kilo 21 na tangi la lita 3.6 ambalo, kwa robo ya mzigo, huiendesha kwa muda wa saa nane. Yamaha EF2000iS, yenye wati 1,600 za kudumu, iko karibu na hapo kwa uzito na tabia. Matumizi ya chini ya nusu lita kwa saa maana yake ni kwamba jioni nzima, tangu magharibi hadi watu wanapolala, haimalizi lita tatu. Sauti yake inaruhusu mazungumzo ya kawaida, jambo la maana sana Msimbati, ambapo mgeni anakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, karibu na makazi ya wavuvi wanaoamka usiku wa manane kwenda baharini. Ubaya wake ni bei, ambayo mara nyingi ni zaidi ya mara mbili ya jenereta ya kawaida, pamoja na ile bodi: ikiungua, mafundi wengi hawawezi kuitengeneza, na bodi mpya ni ghali.

Nafasi ya pili naipa jenereta ya kawaida ya fremu wazi, ya kVA 2.5 hadi 3 (kVA moja ni takriban wati 800 hadi 1,000). Nyingi hutumia injini ya sentimita za ujazo 196, yenye nguvu ya farasi 6.5, na injini za ukoo huo ndizo zinazoendesha pampu nyingi za maji za mashambani. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, kwa sababu plagi, kabureta, kamba ya kuwashia na pete za pistoni hupatikana kwa urahisi hadi kwenye miji midogo, na fundi wa pikipiki mwenye uzoefu huifahamu injini hiyo bila kufungua kitabu. Ina kilo zaidi ya arobaini, inapiga kelele, na hunywa lita moja au zaidi kwa saa. Hapa ndipo ninapoigeuza orodha: mwenye shamba la korosho la Liwale au Nachingwea anayehamia shambani msimu mzima, akiwa na friza na pampu, na akiwa mbali na duka lolote la vipuri vya inveta, aiweke hii ya kwanza bila kusita. Kwake yeye, mashine inayotengenezeka palepale ina thamani kuliko mashine tulivu.

Ya tatu ni inveta ndogo ya wati 900 hivi, kama Honda EU10i, yenye kilo 13 tu na tangi la lita 2.1. Watu wawili wenye taa, simu na friji ndogo ya gari hawahitaji zaidi ya hiyo. Isipewe friza ya nyumbani.

Ya nne ni kile kijenereta cha bei nafuu cha mchanganyiko, ambacho oili huchanganywa na petroli, na ambacho huuzwa kwa namba ya 950 ingawa uwezo wake wa kudumu ni kama wati 650. Naelewa kwa nini kinapendwa, kwani ni chepesi na kinanunulika. Lakini moshi wake ni mwingi, plagi huchafuka mara kwa mara, na volti yake hupanda na kushuka kiasi kwamba nisingeshauri kuchomeka humo kompyuta wala friji. Anayekinunua akitumie kwa taa, na afuate kipimo cha kitabu, ambacho kwa vingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya mchanganyiko kwa kila lita ya petroli. Kuongeza oili "ili injini isife" ndiko kunakoziba ekzosti kwa masizi.

Jenereta ya dizeli naiweka mwisho kwa kazi hii. Hata ndogo ya kVA 5 ina uzito wa kilo mia hivi, na huo si mzigo wa kushusha na kupandisha kwenye mchanga.

Mahitaji yakiwa chini ya wati 300 kwa usiku mmoja au miwili, fikiria pia betri ya lithiamu yenye inveta na paneli ya sola. Friji ya wati 50 inayofanya kazi nusu ya muda hula wati-saa 600 kwa siku, taa na simu kama 200, kwa hiyo betri ya wati-saa 1,000 inatosha siku moja bila jua.

Dukani, omba mashine iwashwe na ibebeshwe mzigo mbele yako. Pasi ya wati 1,000 inatosha kwa jaribio: chomeka mita, angalia volti kabla na baada ya pasi kuwaka, na ukiona imeshuka chini sana ya 220 na haipandi tena, achana nayo. Kwa jenereta za fremu wazi, uliza kama waya za alternata ni za shaba au za alumini, kisha usiridhike na jibu pekee bali uinyanyue, kwa sababu mashine mbili za ukubwa mmoja zikitofautiana sana kwa uzito, nyepesi ndiyo ya kutilia shaka. Ulizia vipuri vyake kabla hujalipa, na chukua risiti ya EFD, kwa kuwa dhamana isiyo na risiti ni vigumu kuidai.

Adui wa kwanza wa jenereta katika mikoa hii ni chumvi. Hewa ya pwani huacha utando unaovuta unyevu, na utando huo hula vichwa vya skrubu, soketi, nyaya za plagi na sehemu ya ndani ya tangi. Ukirudi kutoka ufukweni, futa mashine yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye vyuma vilivyo wazi. Usiimwagie maji kwa mpira. Tangi liachwe likiwa limejaa au likiwa tupu kabisa, kwani nusu tangi huacha chuma kitupu mbele ya hewa yenye unyevu na kutu huanzia hapo. Kwenye mchanga, iweke juu ya ubao ulionyooka. Mashine nyingi zina kinga inayozima injini oili inapopungua, na ikikaa mshazari kinga hiyo huizima hata kama oili ipo, mtu akabaki kuvuta kamba hadi mkono unauma.

Adui wa pili ni petroli iliyokaa. Fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta ya jenereta iliyolala kuanzia masika hadi msimu wa korosho, na utaona kilichobaki: ute wa kahawia unaonata na kunuka kama rangi ya mbao, na katikati yake jeti ya shaba yenye tundu jembamba kuliko sindano, limeziba. Dalili yake ni injini kupanda na kushuka mwendo yenyewe, au kuwaka ikiwa na choki tu. Kinga ni rahisi. Unapozima mara ya mwisho kwenye safari, funga koki ya mafuta na uiache injini izimike yenyewe baada ya kumaliza petroli iliyo ndani ya kabureta, na kama haitatumika kwa zaidi ya mwezi, toa pia mafuta ya tangi. Nunua petroli kwenye sheli inayouza sana, na ile ya chupa za barabarani ikilazimika, iache itulie kwenye chupa angavu kwanza, kwa kuwa maji hutuama chini na huonekana.

Oili ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi sita, injini ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke nayo. Jenereta ndogo ya inveta hubeba oili isiyozidi nusu lita, hivyo upungufu wa kikombe kimoja ni upungufu mkubwa. Kipimo kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Sponji ya chujio la hewa ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kivulini, ichovywe kwenye oili safi na kukamuliwa. Vumbi la barabara za Newala na Tandahimba wakati wa kiangazi hulijaza chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Lipo jambo moja ambalo halina nafasi ya kujaribu. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala huondoka bila kuamka. Jenereta isiwashwe ndani ya hema, chini ya turubai, ndani ya gari wala barazani, hata mvua ikinyesha. Iwe angalau mita sita kutoka mahali pa kulala, upande ambao upepo hautaurudisha moshi kwa watu. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini, kwa hiyo mashine iwe kaskazini mwa hema. Wakati wa kaskazi mpango unageuka. Lakini pwani upepo wa usiku mara nyingi hutoka nchi kavu kuelekea baharini, na mpangilio uliokuwa salama saa kumi jioni unaweza kuwa hatari saa sita usiku. Kwa sababu hiyo naona ni bora izimwe kabla watu hawajalala, friji ikiwa imekwisha kupoa na betri zikiwa zimejaa. Ekzosti isielekezwe kwenye majani makavu, hasa chini ya mikorosho, na kabla ya kuongeza mafuta, mashine izimwe na iachwe ipoe.

Jenereta hiyohiyo ikirudi nyumbani na kutumika umeme unapokatika, isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili. Umeme huo hurudi kwenye nguzo, hupandishwa na transfoma, na unaweza kumuua fundi wa TANESCO anayedhani laini imezimwa. Vyombo vichomekwe moja kwa moja kwenye jenereta, au ifungwe swichi ya kubadilishia umeme, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.