Pampu ya dozi na chokaa kwenye tangi la matumbawe: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Mi sio mtaalamu, naendesha basi hapa Reading, Uingereza, ila nina tangi la maji chumvi sebuleni, lita 220 ukijumlisha na maji ya sampu (tangi dogo la pili la kuchujia) iliyo kwenye kabati chini, na huu ni mwaka wa nne nafuga matumbawe. Nilianza na yale laini, hayana shida, unaweza kuyasahau wiki nzima na yakakusamehe. Balaa lilianza nilipoingia kwenye akropora, hizi za matawi kama pembe za swala, hapo ndo hela ikaanza kuisha na usingizi juu. Vipande sita vya mwanzo vilikufa vyote ndani ya miezi mitano. Sio kwa mpigo, kimoja kimoja, unaamka unakuta nyama imeanza kuchubuka kwenye shina kule chini, mfupa mweupe unaonekana, siku ya tatu limebaki jiwe tu.

Nilihangaika sana. Nikabadilisha taa, nikaongeza pampu za mkondo, nikanunua skima (chombo cha kutoa uchafu majini kwa povu) kubwa kuliko tangi lenyewe, mke wangu akaniuliza hii mitambo ni ya samaki au tunafungua kiwanda. Mpaka siku moja mzee mmoja anayeuza vipande nyumbani kwake akaniuliza swali moja tu, alkaliniti yako jana ilikuwa ngapi, na juzi, na siku ya kabla yake? Nikamwambia wiki iliyopita ilikuwa 8. Akacheka, akaniuzia kipande kingine (biashara ni biashara) alafu akaniambia rudi nyumbani ukapime kila siku siku kumi uandike.

Kwa asiyejua, tumbawe gumu linajenga mfupa wake kwa kuchota kalsiamu na kaboneti majini. Alkaliniti ndo kipimo cha hiyo akiba ya kaboneti, baharini iko kama 7 dKH (ndo kizio chake), kalsiamu miligramu 400 na kidogo kwa lita, magnesi kama 1300, na bahari ni kubwa haibadiliki leo na kesho. Tangi ni ndoo tu. Akropora zikinogewa zinakula hiyo akiba hata 1 dKH kwa siku au zaidi, sasa usiporudisha inashuka, ukirudisha yote kwa mkupuo inaruka, na hizi sio kwamba zinakufa kwa 7 au kwa 9, zinakufa kwa kupandishwa na kushushwa. Nilipoandika zile siku kumi nikaona aibu. 8.4, 7.6, 7.1, 8.8, 8.0, 7.2, yaani ngazi. Sababu ni shifti zangu, nikiwa shifti ya asubuhi natia dozi saa kumi jioni, nikiwa ya usiku natia saa saba usiku nikirudi, siku ya mapumziko ndo kabisa nasahau.

Ndo nikanunua pampu ya dozi. Vichwa vinne, kila kichwa kina kimota kinachokamua mrija wa silikoni, unapanga kwenye simu itoe mililita ngapi na saa ngapi. Pauni 140. Jina la kampuni siweki, sitaki kesi, na mtaona mbele kwanini.

Alafu kilichonifurahisha kuliko pampu yenyewe ni kitu cha kutia humo. Wazungu wanaita kalkwasser, neno la Kijerumani, nikalisoma weee kwenye kopo mpaka nikafika kwenye maandishi madogo, kalsiamu haidroksaidi. Nikasema ngoja kwanza. Hii si chokaa? Chokaa hii hii! Ya kupaka nyumba, na ile ya tambuu ya bibi kwenye kikopo cha bati. Nimelipa pauni 12 kwa kilo ya chokaa.

Sasa mi kwetu kisiwa cha Mafia, Tanzania, upande wa Chole, na babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Mnaojua mnajua, magogo ya minazi yanapangwa duara, matumbawe yaliyovunjwa kwenye maji yanalundikwa juu, moto unawaka usiku kucha, yakishaiva yanamwagiwa maji yanavimba na kupasuka yanakuwa unga mweupe, unaenda kujengea nyumba na mwingine unakandwa na shahamu kupaka majahazi chini. Sisi watoto kazi yetu kubeba yale mawe kutoka kwenye mtumbwi, mengine yanateleza bado, yana ute. Hakuna aliyetuambia kwamba lile ni kiumbe. Hifadhi ya bahari ilianzishwa 1995 na kazi ile ikaja kupigwa marufuku, babu alikuwa keshachoka hata hivyo. Kwahiyo mzee alichoma tumbawe apate chokaa, mi najimaliza kwa chokaa nipate tumbawe. Bi mkubwa nilipomwonyesha tangi kwa video akakaa kimya kidogo alafu, "We mwanangu, unanunua chokaa ukalishe mawe? Ingekuwa babu yako yu hai angekuuzia gunia."

Turudi kwenye kazi. Lita moja ya maji yaliyochujwa inabeba kama gramu moja na nusu ya chokaa, ukizidisha inatua chini tu, kwahiyo hata usipopima kwa mzani huwezi kuharibu sana. Na maji yawe yaliyochujwa kweli, maji ya bomba hapa ni magumu vibaya mno, birika linaota ukoko kwa wiki mbili. Unakoroga, unaacha itulie, unachota yale maji maangavu ya juu sio mashapo. Vaa glavu, pH yake iko 12 na ushee, inababua. Tangi langu linapoteza kama lita 3 kwa siku kwa kukauka, kwahiyo badala ya kujazia maji matupu najazia maji ya chokaa, na kwa hesabu ya tangi langu lita 2 kwa siku zinarudisha kama 1 dKH pamoja na kalsiamu yake kwa uwiano ule ule ambao tumbawe linatumia, ndo utamu wake. Pampu nikaipanga itoe kidogo kidogo mara 48 kwa siku, na zaidi usiku maana usiku pH inashuka na chokaa inaipandisha.

Wiki ya pili alkaliniti ikasoma 8.1, 8.2, 8.1, 8.0, 8.1. Nilimtumia yule mzee picha ya daftari. Napima na kile kidude cha kampuni ya Hanna cha kusoma kwa mwanga, mililita 10 za maji ya tangi, moja ya dawa, kinakupa namba hakuna kubahatisha rangi, na hiki nakipa tano kati ya tano bila kufikiria. Mwezi wa tatu kile kipande cha kijani nilichouziwa kikaanza kushika jiwe chini, kikatambaa kama nta iliyomwagika, na ncha za matawi zikawa nyeupe za kukua, tofauti na nyeupe ya kufa, ukishaziona zote mbili huzichanganyi tena. Nikaongeza vipande vinne. Vyote vipo hai mpaka leo kasoro kimoja, na hicho ndo nawaeleza sasa.

Mwezi wa tano umeme ulikatika dakika kama ishirini hivi mchana, nipo barabarani. Uliporudi, pampu ikawaka ila waifai ilikuwa bado haijarudi, saa yake ikarudi sifuri, ikaona kama dozi za siku nzima hazijatoka, ikaanza kulipa deni. Lita 2 za chokaa ndani ya saa moja na kitu. Mke wangu akanipigia, "Baba Salma, maji yako yamekuwa maziwa." Wallahi nilisimamisha basi kituoni muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Nikamwelekeza achomoe pampu, afungue madirisha yote, aongeze hewa kwenye skima, maana hewa safi inaingiza kaboni daioksaidi na pH inashuka pole pole. Nilipofika pH ilisoma 8.7. Matumbawe yote yamejikunja, konokono wamelala chali, ile akropora ya buluu ndogo ncha zimeungua na kesho yake ikaanza kuchubuka toka chini. Nikaikata juu ya sehemu iliyooza, ndo ile tu inayoweza kuokoa, ila haikupona.

Nikawaandikia kampuni. Siku nne baadae wakajibu nihakikishe waifai yangu ina nguvu. Basi. Nikajibu, jamani shida sio waifai, shida ni kwamba mashine yenu saa inaitunza mbinguni huko kwenye intaneti badala ya ndani, betri ya saa ya mkononi ingetosha kumaliza haya mambo. Mpaka leo kimya. Dawa niliyojitibu mwenyewe ni ya kishamba lakini inafanya kazi, chombo cha chokaa sasa ni kidogo, lita 2.5 tu, na nakijaza kila asubuhi, kwahiyo hata ichanganyikiwe vipi haina cha kumwaga zaidi ya hapo. Na nimeiweka kwenye taima ya ukutani inayokata umeme wa pampu dakika 45 kila saa, hata ikitaka kulipa deni italipa kwa awamu.

Kingine ni mrija. Silikoni inachoka kwa kukamuliwa, na chokaa inaota ukoko kwenye ncha ikikutana na hewa. Mwezi wa tisa kwenye simu inasoma imetoa mililita 100, nikiikinga kwenye bomba la sindano kubwa ni 83. Alkaliniti ilishuka taratibu mpaka 7.0 bila mi kushtuka kwasababu nilikuwa nishaanza kuiamini mno pampu, napima mara moja kwa wiki. Safari hii sikurukia kusahihisha, nilipandisha kwa 0.3 kila siku mpaka ikarudi, hakuna aliyekufa. Sasa kila mwezi naosha mirija na siki, naikinga upya na kuisahihisha, na ncha naiacha juu ya maji isiguse, palipo na mkondo mkali. Mrija wa akiba kampuni wanauza pauni 9 kwa kipande cha urefu wa kiganja, wizi mtupu, ila wa duka la vifaa vya maabara wa kipenyo kile kile umefanya kazi vizuri tu.

Kufika mwaka mmoja akropora zimenenepa, zinakula karibu 1.8 kwa siku, na hapo chokaa peke yake ikashindwa, maana ingetaka lita tatu na nusu na tangi linakausha tatu. Kichwa cha pili na cha tatu vikapata ajira. Kimoja kalsiamu kloraidi, kingine nadhani mshabashiri, magadi. Yaani soda ya kuokea mikate unaianika kwenye oveni saa moja kwa moto mkali inageuka sodiamu kaboneti, unayeyusha kwenye maji, mililita 33 kwa siku zinanifunika ile 0.8 iliyobaki. Tafadhali usiende kuchukua magadi ya kupikia maharage sokoni ukatia kwenye tangi, yale yana mambo mengi ndani, chukua soda safi. Na usiviweke vichwa viwili vitoe pamoja sehemu moja, vikikutana tu vinagandana vinakuwa theluji, viachanishe nusu saa.

Nimeulizwa na mtu kama pampu itamwokolea goniopora yake. Hapana kaka. Goniopora, ile ya maua marefu yanayocheza, shida yake mara nyingi ni njaa, mi ya kwangu nyekundu nailisha unga laini wa plankitoni mara tatu kwa wiki pampu za mkondo zikiwa zimezimwa na nitrati (mabaki ya taka za samaki na chakula) naiacha kama 5 siiui kabisa, ina miezi kumi na moja. Ukiwa na maji masafi kupita kiasi yenye namba nzuri zote goniopora itakufa ikiwa na namba nzuri.

Sasa pampu naipa ngapi. Kwa kazi ya kukamua mililita nampa nne, ni kimya, haijawahi kukwama mota. Programu ya simu na saa yake mbili. Huduma kwa wateja sifuri, ningeweka chini ya sifuri kama ingewezekana. Kama una hela ya kuongeza tafuta yenye saa ya ndani na inayokumbuka dozi ilizokwisha toa bila intaneti, muulize muuzaji hilo swali kabla hujatoa kadi. Kama huna, hii itakutosha ila chombo kiwe kidogo na daftari usiache. Chokaa nampa tano, na hapo namuonea babu aibu.

Leo kabla ya shifti alkaliniti imesoma 8.1. Jumapili nabadilisha mrija wa kichwa cha kwanza, umeanza tena kutoa 91 badala ya 100.