Vitamini za asili na za kiwandani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kwenye duka la dawa utakuta makopo mawili ya vitamini C rafu moja. La kwanza ni jeupe, la plastiki, halina mbwembwe. La pili lina picha ya majani na neno "asilia", na bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake. Mteja anamuuliza mfamasia: hii ya bei rahisi si kemikali tupu? Ni kemikali, ndiyo. Na iliyomo ndani ya pera ni kemikali hiyohiyo, atomu kwa atomu. Tadeus Reichstein alionyesha huko Uswisi mwaka 1933 jinsi ya kuitengeneza kutoka kwenye glukosi, na tangu hapo mwili haujawahi kuuliza cheti cha kuzaliwa cha vitamini C. Pera linaishinda kwa sababu lina nyuzinyuzi, maji na utamu wake, na kwa sababu gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 tu kwa siku.

Vitamini nyingi ziko hivyo: asili yake haibadilishi kazi yake. Zipo chache ambazo asili inaleta tofauti ya kweli, na huko mambo hayaendi upande mmoja. Kwa vitamini E, ya asili inashinda. Kwa foliki, yaani vitamini B9, ya kiwandani inashinda. Kwa vitamini A inategemea ni retino, iliyo tayari kutumiwa na mwili, au ni karotini ya mimea, inayohitaji kugeuzwa kwanza. Kwa hiyo mpangilio huu haufuati "asili kwanza". Nimepanga kwa kuangalia shilingi yako inakupa nini.

1. Mafuta, unga na chumvi vyenye nembo

Kama una hela ya kununua kitu kimoja, anzia jikoni. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, na Kenya ikafanya hivyo kuwa lazima mwaka 2012 kwa unga wa ngano, unga wa mahindi wa pakiti na mafuta ya kula. Chumvi yenye madini joto ni ya zamani zaidi. Kenya nembo yake imeandikwa "Kuboresha Afya". Tanzania tafuta nembo ya virutubishi kwenye mfuko au dumu. Kwenye unga kuna foliki asidi, vitamini B12, madini ya chuma na zinki. Kwenye mafuta kuna vitamini A. Zote ni za kiwandani, na ongezeko la bei kwako ni dogo kiasi kwamba hutaliona kwenye risiti.

Mafuta yanastahili maelezo zaidi. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayouzwa kwetu ni ya mawese yaliyosafishwa, yanayotoka Malaysia na Indonesia. Mawese yakiwa mekundu, kama yale ya Kigoma, Burundi na Kongo, kila kilo ina karibu miligramu 500 hadi 700 za karotini, na mwili unageuza karotini kuwa vitamini A. Kiwanda kikiyasafisha yawe meupe, karotini karibu yote inaondoka. Kisha kiwanda hichohicho kinalazimika kisheria kurudisha vitamini A ya kutengeneza. Ukilisikia hili mara ya kwanza unaweza kucheka, ila kinachorudishwa ni retino, ambayo mwili unaitumia moja kwa moja. Karotini ya kwenye mboga na karoti inahitaji mikrogramu 12 ili kupata mikrogramu moja ya retino. Ikiwa ndani ya mafuta inafyonzwa vizuri zaidi, ndiyo maana mchicha wa kuchemsha mtupu hauifikii thamani ya mchicha uliokaangwa kidogo. Mwenye kupata mawese mekundu ya uhakika ayatumie bila wasiwasi, mradi asiyachome mpaka yang'ae. Rangi ikishapotea, karotini nayo imekwenda.

Adui wa vitamini A ni mwanga na hewa. Zitazame zile chupa za soda zilizojazwa mafuta ya kupima, zimepangwa mezani nje ya duka tangu asubuhi, jua linazipiga mpaka mafuta yanakuwa ya moto ukigusa. Hata kama pipa lilitoka kiwandani na virutubishi kamili, kilichobaki humo ni kidogo. Nunua kilichofungwa, chombo kisichopitisha mwanga, na nyumbani kiweke kabatini. Kama lazima upimiwe, omba utolewe kwenye dumu lililo ndani.

Na sembe ya mashine ya mtaani? Mahindi yakikobolewa, kiini na pumba vinaondoka na vitamini B nyingi, na mashine nyingi za mtaani haziongezi kitu. Hapo una njia mbili: kula dona, au nunua unga wa pakiti wenye nembo. Dona nzuri ni chakula bora kuliko sembe tupu. Ila haina foliki ya kutosha kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, na hilo linatupeleka kwenye nafasi ya pili.

2. Foliki asidi, kwa mwanamke anayeweza kushika mimba

Kwa kundi hili, hiki ndicho kidonge chenye faida kubwa kuliko vyote dukani, na ni miongoni mwa vya bei ya chini kabisa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba foliki asidi ilipunguza kwa asilimia 72 kasoro za mgongo wazi kwa watoto wa kina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku.

Hapa ya kiwandani inaishinda ya asili waziwazi. Foliki ya kwenye maharage, kunde na mchicha inafyonzwa karibu nusu. Foliki asidi iliyo kwenye unga inafyonzwa takriban asilimia 85. Tena ile ya kwenye mboga inatoka na maji unayoyamwaga. Kuna vidonge ghali vya "metilifoleti" vinavyouzwa kama foliki ya asili zaidi. Iliyothibitishwa kwenye majaribio kuzuia mgongo wazi ni foliki asidi ya kawaida, kwa hiyo usilipe nyongeza hiyo.

Mambo mawili yanayokosewa sana. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya FEFO (madini ya chuma na foliki asidi) unavyopewa kliniki mwezi wa nne au wa tano ni vizuri kwa damu, vimeze, lakini kwa mgongo vimechelewa. Anza kabla. Pili, kidonge kilichozoeleka kwenye maduka yetu ni cha miligramu 5, mara kumi na zaidi ya kipimo cha kawaida. Hicho ni cha wenye sababu maalumu: aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa fulani za kifafa, mgonjwa wa selimundu. Kwa mjamzito kinapunguza pia nguvu ya SP, ile dawa ya kuzuia malaria, kwa hiyo mwambie muuguzi unachomeza.

3. Vitamini D3 na B12, kimoja kimoja na kwa sababu

Kwa wanaoishi Tanga au Kisumu na kutembea mchana, jua linatosha. Wanaohitaji D ni wanaoshinda ndani, wanaojifunika mwili wote, wazee wasiotoka, na hasa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ngozi nyeusi na majira ya baridi havipatani. Uingereza inashauri watu wote watumie mikrogramu 10, yaani IU 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini), kipindi cha baridi, na wenye ngozi nyeusi waitumie mwaka mzima. Chagua D3 kuliko D2, kwa sababu inapandisha kiwango kwenye damu vizuri zaidi. D3 nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo yaliyopigwa mionzi, kwa hiyo mgawanyo wa asili na kiwandani hapa hauna maana. Anayejali halali aangalie ganda la kapsuli: jelatini inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na kopo zuri linasema.

B12 yote duniani hutengenezwa na bakteria, iwe kwenye tumbo la ng'ombe au kwenye tangi la kiwanda. Kopo likiandika "B12 ya asili" unalipia wino. Inamfaa asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, mzee, na mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka. Nunua sayanokobalamini, ile ya kawaida: haiharibiki upesi na ni rahisi.

4. Multivitamini ya kawaida ya duka la dawa

Si mbaya, ila wengi wanaoinunua hawana upungufu wowote. Ukiamua, tafuta ile ambayo vitamini zake ziko karibu na asilimia 100 ya mahitaji ya siku. Zile zinazojisifu kwa asilimia 1,000 zinakuongezea mkojo wa njano tu, na B6 ikizidi kwa muda mrefu inaumiza mishipa ya fahamu. Mjamzito asivuke IU 10,000 za retino kwa siku, na ahesabu maini humo, kwa sababu kipande kimoja cha maini ya ng'ombe kinaweza kuvuka hapo peke yake. Mvuta sigara akimbie beta-karotini ya vidonge. Huko Finland, mwaka 1994, wavutaji waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Karoti sahanini hazihusiki na onyo hili.

5. Vitamini E ya asili

Hapa ndipo neno "asili" lina uzito wake. Kwenye kopo soma herufi ndogo: "d-alpha" ni ya asili, "dl-alpha" ni ya kiwandani, mchanganyiko wa maumbo manane ambayo mwili unatumia nusu tu. Mahitaji ya siku ni miligramu 15. Kwa ya asili hizo ni karibu IU 22, kwa ya kiwandani IU 33. Sasa mbona nimeiweka ya tano? Kwa sababu wengi hawana upungufu wa E, na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, kama yale ya Singida yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara, kina zaidi ya miligramu 5 za d-alpha halisi. (Mafuta ya kinu kidogo hayajaongezwa vitamini A, kwa hiyo ukiwa nayo usiache ya nembo moja kwa moja, changanya matumizi.) Vidonge vya IU 400 si vya kumeza ovyo: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulikuta saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17 kwa waliovitumia. Wanaozitoboa kapsuli na kupaka usoni, ya bei rahisi inawatosha.

6. Unga wa mlonge na ubuyu

Mlonge ni chakula kizuri, una protini na kalsiamu. Tatizo ni tangazo lake. "Vitamini C mara saba ya chungwa" linahusu majani mabichi. Yakikaushwa, sehemu kubwa ya vitamini C inapotea. Halafu takwimu zote ni za gramu 100, na wewe unatia kijiko cha chai chenye gramu mbili au tatu. Ununue kama kiungo, kwa bei ya kiungo. Ubuyu unaokauka ndani ya ganda lake unatunza vitamini C vizuri zaidi, nao unga wake mweupe ni kinywaji kizuri. Ule mwekundu wa Zanzibar uliopikwa na sukari na rangi ni pipi, tena tamu, ule kama pipi.

Unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga nao uuangalie kwa jicho kali. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, ambayo haionekani wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mfuko usio na jina la mtengenezaji wala tarehe usimpikie mtoto uji.

7. Makopo ya "asilia asilimia 100"

Haya mara nyingi huuzwa na rafiki au jirani, kwa semina, na bei yake inawalipa watu kadhaa njiani. Geuza kopo. Mbele limeandika vitamini C miligramu 500 "kutoka acerola". Nyuma, kwenye orodha ya viambato, unakuta unga wa tunda la acerola miligramu 50, na kabla yake "ascorbic acid", yaani vitamini C ya kiwandani. Hata kama acerola hiyo ingekuwa vitamini C tupu, miligramu 50 hazizai 500. Zilizobaki ni zilezile za kopo jeupe la plastiki. Mengine husema vitamini zimetoka kwenye chachu. Chachu hiyo mara nyingi ililishwa vitamini za kiwandani kwanza. Kabla ya kulipa, gawa bei kwa siku: vidonge 60 vinavyomezwa viwili kwa siku ni mwezi mmoja, na bei hiyo ilinganishe na mapera na mayai ya mwezi mzima.

8. Vya kuyeyusha, juisi za boksi na pipi za vitamini

Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 vinavyotoa mapovu vimejaa sodiamu, habari mbaya kwa mwenye presha, na kwa dozi hiyo mwili unafyonza karibu nusu tu. Juisi ya boksi "yenye vitamini" ni sukari iliyonyunyiziwa vitamini za senti chache. Na pipi za vitamini za watoto ndizo ninazoziweka mwisho kabisa: mtoto anaziona ni peremende na atarudia kopo usipomwona. Zikiwa na madini ya chuma, kopo lililomalizwa na mtoto mdogo ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama bado anacheza. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ana haki ya matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kwenye kituo cha afya, na hayo hayauzwi.