Kibanio cha kupulizia oili kwenye nyaya za pikipiki: hodari kwa klachi, kisiguse spidomita

Ni kidude cha alumini kinachoenea kiganjani. Ndani kina raba iliyopasuliwa, ubavuni kitundu cha kuingizia mrija wa kopo la spreyi, na kuna skrubu moja au mbili za kukazia. Motion Pro ya Marekani ni miongoni mwa wanaokiuza, na vingine vya aina hiyo vinafanya kazi ileile. Mwenye Honda CG125 ya zamani, Yamaha DT175 au BSA ana sababu ya kuwa nacho, maana nyaya za pikipiki hizo nyingi hazina bomba la nailoni ndani: ni chuma juu ya chuma, na bila oili zinajisaga zenyewe.

Kwenye waya wa klachi kinafanya kazi vizuri sana. Legeza nati ya kurekebishia, panga mipasuko yake sambamba na mpasuko wa leva, kisha chomoa kichwa cha waya. Weka raba ili nusu ikumbatie kava la nje na nusu ibane waya mtupu. Hapo ndipo wengi hukosea, wakabana kava peke yake, na oili yote ikamwagika mkononi. Zungushia tambara, kaza, ingiza mrija, pulizia sekunde mbili au tatu, pumzika, rudia. Mwisho wa chini uchungulie kwenye chupa. Kitakachotoka kwanza ni uchafu mweusi au wa rangi ya kutu. Endelea mpaka oili itoke safi. Ukirudisha, acha uchezaji (mwendo wa leva kabla waya haujakaza) wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva ya CG125.

Kabla ya hayo yote kagua nyuzi karibu na kichwa. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, usihangaike na oili, badilisha waya. Nyuzi hukatikia hapo kwa sababu kichwa hakizunguki kwenye leva: kila ukibana klachi, waya unapindwa mahali palepale. Paka grisi kidogo kwenye tundu la kichwa. Kibanio hakiwezi kukufanyia hilo, na ndilo linalookoa nyaya nyingi zaidi.

Mapungufu yapo. Mvujo kwenye mpasuko wa raba hauepukiki, hasa kwa chenye skrubu moja. Waya wa mafuta (unaovutwa na mshikio wa kuongezea mwendo) ambao mwisho wake unaingia kwenye kibomba cha chuma kilichopinda hauachi nafasi ya kubana. Kwa DT175, waya huo hugawanyika, mmoja ukienda kwenye kabureta na mwingine kwenye pampu ya oili. Msukumo hauvuki vizuri kigawanyio, kwa hiyo kila kipande kifanyiwe kivyake. Na nyaya mpya zenye bomba la nailoni ndani ziache kavu.

Spreyi nayo ina mambo yake. WD-40 ya kawaida inapenya na kulegeza kutu, lakini haikai. Ifuatishe oili nyepesi. Spreyi ya cheni inanata na kukusanya vumbi, isitumike kabisa. Asiye na kibanio akate kidole cha glavu ya mpira, akifunge juu ya kava kama faneli, amimine oili ya injini na kuuning'iniza waya usiku kucha. Zamani ilikuwa mfuko wa plastiki, kabla Kenya haijaupiga marufuku 2017 na Tanzania 2019. Ni polepole, ila matokeo yanalingana.

Sasa spidomita. Hapa kibanio kikae sandukuni. Waya wa ndani umesokotwa kama skrubu, na unapozunguka hupandisha mafuta juu kuelekea saa, yaani spidomita yenyewe yenye mshale. Kwenye saa za sumaku, sumaku huzunguka bila kugusa kikombe cha alumini kinachobeba mshale. Grisi ikiingia katikati, kikombe huburutwa, mshale ukaonyesha mwendo ambao pikipiki haina, au ukakwama. Chomoa waya wa ndani, ufute, uviringishe juu ya meza bapa: ukirukaruka umepinda, na huo ndio unaofanya mshale utetemeke. Ukinyooka, paka grisi nyembamba, lakini sentimita 20 za upande wa saa ziache bila kitu. Nati ikazwe kwa vidole tu, na kava lisipindwe kwa kona kali.

Kwa spidomita za Smiths Chronometric za Triumph, BSA na Norton za miaka ya 1950, mshale hupanda kwa hatua hatua. Ndivyo zilivyoundwa, si ubovu. Ndani yake mna magurudumu kama ya saa ya mkononi. Grisi ikishaingia, peleka kwa fundi wa saa akaioshe, na usipulizie chochote.