Desktopu pepe za Windows 11: mazuri yake na yanayokera

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hakuna boksi la kufungua. Bidhaa ya leo haiuzwi, tayari mnayo kwenye laptopu zenu, na wengi wenu hamjawahi kuigusa. Tunachambua desktopu pepe za Windows 11, yaani meza kadhaa za kazi ndani ya skrini moja, unahama kutoka hii kwenda ile.

Haya, tazameni skrini yangu. Hili hapa ni faili la Excel, hesabu za duka la mteja. Hizi ni risiti zilizoskaniwa, ziko kwenye PDF. Kivinjari kina ukurasa wa kodi na barua pepe. Kuna WhatsApp, kuna programu ninayohariria video hizi, na kuna taarabu inapiga huko nyuma. Vyote hivyo kwenye skrini ya inchi 14. Nikishika Alt nikagonga Tab, ona, vurugu mechi. Naitafuta Excel, naangukia WhatsApp. Na ukishaangukia WhatsApp, mwenyewe unajua saa ngapi utatoka.

Sasa nashika Ctrl pamoja na kitufe cha Windows, nagonga D. Umeona? Skrini tupu, hiyo ni desktopu mpya. Hakuna kilichofungwa, kila kitu kipo upande wa kushoto kama nilivyokiacha. Ctrl na Windows na mshale wa kushoto, narudi. Mshale wa kulia, naenda. Kama tachipadi yako inakubali, pitisha vidole vinne kushoto au kulia, ni kitu kile kile. Ukitaka kuziona zote kwa pamoja, bonyeza Windows na Tab: desktopu zinajipanga chini, na hapo unalikamata dirisha lolote kwa mausi na kulidondosha kwenye desktopu unayotaka.

Hadi hapo ni rahisi. Watu wanapokosea ni kwenye kugawa. Wengi wakishajua hili, wanaweka Excel zote desktopu ya kwanza, kivinjari ya pili, Word ya tatu. Hiyo ni sawa na kupika ugali kwako na mboga ukaipikie kwa jirani. Hesabu za mteja zinahitaji Excel, risiti na ukurasa wa kodi kwa wakati mmoja, kwa hiyo vyote vitatu vikae pamoja. Gawa kwa kazi, usigawe kwa programu.

Na hili silitoi kichwani kwangu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Xerox kule Palo Alto, Marekani, Austin Henderson na Stuart Card, walieleza mfumo wao ulioitwa Rooms. Waliona kwamba mtu hatumii madirisha yake ovyo ovyo. Anayatumia kwa makundi: kazi hii ina kundi lake, kazi ile ina la kwake, na skrini haitoshi kwa makundi yote. Wakampa kila kundi chumba chake. Vyumba hivyo ndivyo desktopu pepe za leo: watumiaji wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, wamekuwa nazo miaka mingi, Mac wakazipata mwaka 2007 na toleo la Leopard, na Windows ikaziweka rasmi ndani ya mfumo Julai 2015 na Windows 10. Kwa hiyo tumechelewa, ila tumefika.

Mimi ninazo tatu. Moja ya kazi ya mteja, moja ya video, na ya mwisho ni ya soga: WhatsApp, barua pepe, muziki. Kila moja nimeipa jina na picha yake ya nyuma. Picha kwa kila desktopu ni kitu kilichokuja na Windows 11, na msiidharau. Bonyeza Windows na Tab, bofya kulia kwenye desktopu, chagua picha. Ya mteja nimeweka bahari, ya video nimeweka picha nyeusi, basi jicho linajua liko wapi kabla sijasoma chochote. Zaidi ya tatu, nne, sishauri. Ukifika sita utaanza kuzisaka desktopu zenyewe.

Sasa kasoro, na zipo.

Kwanza, njia ya mkato ya kulihamisha dirisha. Haipo. Nataka kuitupa PDF hii desktopu ya pili bila kugusa mausi, Windows haina kitufe cha hivyo mpaka upakue programu ya nje. Wala kwa mishale huwezi kuruka moja kwa moja kwenda desktopu ya tatu, lazima upite ya pili. Na ukifika ya mwisho ukagonga tena mshale, haikuzungushi kurudi ya kwanza. Wenzetu wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, wana Super (ndicho kitufe cha Windows), Shift na Page Down, dirisha linahama nao. Wa KDE, mwonekano mwingine wa Linux, wanagonga Ctrl na F3, wako ya tatu. Kampuni kubwa kama Microsoft kushindwa kuongeza kitufe kimoja tangu 2015, jamani!

Pili, ukizima laptopu na kuiwasha, desktopu unazikuta na majina yake, lakini programu nyingi utazifungua upya na kuzipanga kwa mkono. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme na betri zetu zimechoka, hii inauma. Kwenye Mac unabofya kulia ikoni ya programu pale Dock, ule mstari wa ikoni, unaiambia wewe kwenu ni desktopu fulani, na inatii. Ingawa Mac nayo ina vituko: usipoizima ile tabia yake, inazipanga upya desktopu kufuatana na ulikotoka kutumia, na mkono wako unapotea.

Tatu, programu zenye dirisha moja. Niko kwenye hesabu, nabofya ikoni ya WhatsApp hapa chini, na angalia kinachotokea: nimevutwa mpaka desktopu ya soga. Hili lina dawa. Bonyeza Windows na Tab, bofya kulia dirisha lenyewe, chagua lionekane kwenye desktopu zote. Mimi nimefanya hivyo kwa kikokotoo. WhatsApp nimeiacha ilipo kwa makusudi, ule usumbufu wa kuvutwa unanifanya nifikirie mara mbili.

Kuna jambo naulizwa sana: je, zinaongeza kasi? Hapana. Laptopu ya RAM ya GB 4 itabaki ya GB 4. Programu iliyo desktopu ya pili bado iko wazi, inakula kumbukumbu vile vile. Na anayedhani ataficha mambo yake humo, pole, mtu akigonga Windows na Tab anaviona vyote. Mafaili unayoweka juu ya desktopu ni yale yale kote. Ukiwa Zoom umeshiriki skrini nzima ukahamia desktopu ya soga, mkutano mzima umehamia nawe.

Kabla hujaanza, nenda Settings, System, kisha Multitasking, fungua sehemu ya desktopu. Hakikisha ikoni za chini na Alt Tab vinaonyesha madirisha ya desktopu uliyopo tu. Bila hivyo msongamano utakufuata kila uendako.

Nani aachane nazo? Mwenye skrini mbili kubwa na kazi ya aina moja hana haja sana. Ukimaliza na desktopu fulani, gonga Ctrl, Windows na F4. Usiogope, madirisha yake hayafungwi, yanahamia ya jirani. Haya, mimi narudi kwa mteja wangu, tuonane video ijayo.